Shajara ya mradi: kranki na konrodi za 4G63 ya nguvu za farasi 600

Injini ni 4G63 yenye turbo, ile ya Mitsubishi Lancer Evolution. Bloku ni ya chuma cha kalibu, kipenyo cha silinda 85 mm, mwendo wa pistoni 88 mm, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na kranki) ya 150 mm kutoka kitovu hadi kitovu, cc 1,997. Kazi inafanyika Nairobi. Lengo ni nguvu za farasi 600 kwenye kranki (mhimili unaogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko), torki (nguvu ya kusokota) isiyozidi 650 Nm, kikomo cha mizunguko 8,200 kwa dakika. Kichwa, turbo na sindano za mafuta vina shajara yao. Hapa ni sehemu ya chini tu: kranki, konrodi, bolti na metali (beringi bapa za kranki, kama mafundi wetu wanavyoziita).

12 Januari 2025: hesabu kabla ya kununua

Swali la kwanza ambalo kila mtu huuliza ni "konrodi hii inabeba farasi wangapi?" Swali hilo halina jibu. Konrodi haijui farasi. Inajua mambo mawili: inasukumwa na moto juu ya pistoni, na inavutwa na uzito wa pistoni kila inapofika juu na kulazimishwa kurudi. Kusukumwa hupinda mwili wa konrodi. Kuvutwa hukata bolti.

Kuvutwa kwanza. Kwa mwendo wa 88 mm na konrodi ya 150 mm, pistoni ikifika juu kwa mizunguko 8,200 mchapuko wake ni kama mita 42,000 kwa sekunde mraba. Pistoni, pini, ringi na ncha ndogo ya konrodi pamoja ni kilo 0.62. Nguvu ya kuvuta inakuwa karibu kilonyutoni 26, yaani tani 2.65, na inakuja mara moja kwa kila mzunguko. Dereva akikosea gia wakati wa kushuka na injini ikafika 9,500, inapanda hadi tani 3.6 hivi, kwa sababu nguvu hii hukua kwa mraba wa mizunguko. Kikomo cha kompyuta ya injini hakisaidii hapo, maana magurudumu ndiyo yanayozungusha injini.

Sasa kusukumwa. Tukikadiria shinikizo la juu kabisa ndani ya silinda kuwa baa 120, pistoni ya 85 mm inabonyezwa kwa tani 6.9. Lakini kwenye mizunguko mingi sehemu ya nguvu hiyo inaliwa na uzito wa pistoni yenyewe, ambayo bado inataka kuendelea kwenda juu. Kwa shinikizo lilelile:

Kwenye mizunguko 8,200, konrodi inabaki na kama tani 4.3.
Kwenye mizunguko 3,800, inabaki na kama tani 6.4.

Ndiyo maana konrodi za kiwandani hupinda mara nyingi kwenye magari yenye turbo ndogo inayoamka mapema, wakati gari lenye turbo kubwa na farasi wengi zaidi linaendelea kutembea. Moto ukigonga kabla ya wakati, shinikizo huruka juu zaidi ya hesabu yoyote, na hapo hakuna konrodi ya bei nafuu inayosamehe.

Uamuzi: konrodi za kiwandani haziingii. Binafsi hatuziamini zikipita 500 Nm hivi. Tutazuia torki chini ya mizunguko 4,500 kwa kompyuta, na bolti zitachaguliwa kwa ajili ya 9,500, siyo 8,200.

19 Januari 2025: 88 mm au 100 mm?

Kranki ya 4G64, injini nyingine ya Mitsubishi ya ukoo huohuo, ina mwendo wa 100 mm na inaweza kuingia kwenye bloku hii, cc zikafika karibu 2,270. Inavutia, maana turbo huamka mapema. Tuliikataa kwa sababu tatu.

Ya kwanza ni nafasi. Bloku ya 4G63 ina urefu wa 229 mm kutoka katikati ya kranki hadi juu: 44 za nusu mwendo, 150 za konrodi, na 35 kutoka pini hadi juu ya pistoni. Nusu mwendo ikiwa 50, pistoni inabaki na 29 tu. Inawezekana, pistoni za aina hiyo zinauzwa, lakini ringi zinasogeleana na pini, na bolti za konrodi zinahitaji bloku ichongwe kidogo chini ya silinda.

Ya pili ni mizunguko. Kwa mwendo wa 100 mm, mchapuko wa pistoni kwenye 7,600 ni sawa na wa 88 mm kwenye 8,200. Unapoteza mizunguko 600 kabla hujaanza.

Ya tatu ni hiyohiyo ya torki ya mapema. Gari hili linakimbia vilima na changarawe, na tayari tunahangaika kuizuia torki isije chini mno. Kuongeza cc ni kujitafutia kazi. Kwa gari la barabarani lenye farasi 450, jibu lingeweza kuwa tofauti kabisa.

2 Februari 2025: kranki ya kwanza

Kranki ya Evo iliyotumika, KSh 28,000. Ukaguzi wa macho: mstari wa kalibu (pale nusu mbili za kalibu zilipokutana) ulikuwa mpana na umesagwa, siyo mwembamba na mkali. Mstari mpana ni dalili ya kranki iliyofuliwa, mwembamba ni ya kumiminwa. Ukiining'iniza na kuigonga kwa nyundo ndogo, iliyofuliwa hulia kama kengele. Hii ililia vizuri.

Vipimo vilivyofuata: mchepuko ulipimwa kwa kulaza kranki kwenye vigogo vya V chini ya shingo kuu (sehemu za mviringo ambazo kranki inazungukia ndani ya bloku) ya 1 na ya 5, dial geji (saa ya kupimia) juu ya shingo ya 3. Ulisoma 0.02 mm. Zaidi ya 0.03 tunarudisha. Ukaguzi wa nyufa kwa unga wa sumaku, KSh 4,000, haukuonyesha kitu. (Kumbusha fundi aiondoe sumaku baadaye. Kranki yenye sumaku inakusanya vumbi la chuma moja kwa moja kwenye metali.)

Shingo mbili za konrodi zilikuwa na mikwaruzo inayoshika ukucha. Tukaipeleka kusagwa "kumi", yaani 0.25 mm chini ya saizi, KSh 9,500. Siku hiyohiyo tukanunua metali za konrodi za 0.25, KSh 11,000. Hili la kununua metali kabla kranki haijarudi lilikuwa kosa la kwanza.

16 Februari 2025: kranki ya kwanza imetupwa

Kranki ilirudi ikiwa inang'aa. Saizi ilikuwa sahihi. Makosa yalikuwa mahali pengine.

Kona. Pale shingo inapokutana na shavu la kranki (bamba la chuma kati ya shingo na shingo) panatakiwa kuwa na mviringo laini, kwa sababu kila mpindo wa kranki hujikusanya hapo. Jiwe la kusagia lilikuwa limechakaa pembeni na halikuchongwa upya kabla ya kazi, kwa hiyo shingo mbili zilirudi na kona kali kama ya ndani ya sanduku, na ya tatu ina ngazi ndogo unayoweza kuisikia kwa ncha ya kalamu. Ufa wa uchovu huanzia hapohapo na kukata shavu kwa mshazari. Kranki ya farasi 250 inaweza kuishi na kona hiyo. Ya 600, hapana.

Ugumu. Tulipopitisha tupa ndogo mahali pasipogusa metali, iliteleza kwenye sehemu ambayo haikusagwa lakini ikauma kidogo kwenye iliyosagwa. Tabaka gumu la juu limeondoka. Kusaga 0.25 kwa kipenyo ni kuondoa 0.125 kila upande. Kranki iliyotiwa nitrojeni kwa gesi kwa saa nyingi inaweza kuwa na ugumu wa kina cha 0.3 hadi 0.5 mm na ikastahimili. Iliyotibiwa kwa chumvi ya moto ina ngozi ngumu ya mikroni chache tu, na jiwe huimaliza kwenye pasi ya kwanza.

Dawa ipo: kona zichongwe upya, kisha kranki itiwe nitrojeni tena na kunyooshwa, maana joto la tanuri huipindisha. Gharama ingepita bei ya kranki nyingine nzuri. Imekuwa stendi ya taa ya karakana.

Kwa atakayeiga: kabla jiwe halijagusa kranki yako, mwambie fundi kwa maandishi kona unayotaka, na mwombe akuonyeshe geji ya mviringo anayotumia. Asiye na geji, chukua kranki yako uondoke.

Hasara mpaka sasa: 28,000 + 4,000 + 9,500 + metali 11,000 = KSh 52,500.

9 Machi 2025: kranki ya pili

KSh 46,000, saizi ya kiwandani, haijawahi kusagwa. Ukaguzi wa nyufa 4,000, kung'arisha kwa mkanda 3,500. Shingo za konrodi zinasoma 44.990 hadi 44.993 mm. Mchepuko 0.015. Hatukugusa zaidi.

Kuhusu kranki za kuchongwa kutoka pande zima la chuma: ni nzuri, na bei yake ingemeza bajeti yote hii. Ya kiwandani ya 4G63 turbo imefuliwa na si hapo injini hizi hufia mara nyingi. Pesa iende kwenye konrodi, bolti na vipimo.

Puli ya kiwandani inabaki. Ina mpira ndani unaomeza mtikisiko wa kusokota wa kranki. Puli nyepesi ya alumini bila mpira inapunguza gramu na kuurudisha mtikisiko huo kwenye ncha ya kranki. Mpira wake tumeukagua, haujapasuka. Ungepasuka, tungenunua mpya.

23 Machi 2025: konrodi

Zilizochaguliwa ni za umbo la H, chuma cha 4340 kilichofuliwa, bolti za ARP 2000 (aloi ya kampuni ya bolti ya ARP) za inchi 3/8. KSh 74,000, na juu yake usafirishaji na ushuru KSh 31,000.

4340 ni chuma chenye nikeli karibu asilimia 1.8, kromu 0.8 na molibdenamu 0.25. Jina lenyewe halitoshi. Chuma hichohicho kikipozwa vibaya baada ya kupashwa moto ni konrodi nyingine kabisa, kwa hiyo seti inayouzwa nusu ya bei ya wenzake kwa maandishi yaleyale "4340" tuliipita bila kuaga.

H au I? Kwa uzito sawa, I iliyosanifiwa vizuri hustahimili zaidi kusukumwa, na kama tungekuwa na turbo ndogo na torki ya 800 Nm chini kabisa tungelipia I nene. Kwa torki iliyozuiwa na mizunguko mingi, H nyepesi inatosha. Konrodi za alumini hazikufikiriwa. Huchoka na kurefuka, na ni za magari ya mbio za moja kwa moja yanayofunguliwa kila mara.

Bolti za L19, aloi nyingine ya ARP, ni kali kuliko ARP 2000, lakini hazipendi unyevu. Jasho la kidole linaweza kuanzisha kutu itakayozaa ufa. Gari hili litakwenda pwani, na si kila mtu atakayelifungua atavaa glavu. ARP 2000 inatosha.

Kilichopimwa zilipofika: tundu kubwa linatakiwa kuwa 48.00 mm bolti zikiwa zimekazwa, na zote nne zilikuwa ndani ya 0.005. Uzito ulitofautiana kwa gramu 3. Tulipima ncha kubwa na ncha ndogo kila moja peke yake, tukapunguza kwenye vifuniko na kwenye ncha ndogo hadi tofauti ikawa chini ya gramu 1. Kupima konrodi nzima tu hakutoshi: mbili zinaweza kulingana kwa jumla huku moja ikiwa nzito chini na nyingine juu.

Kusawazisha kranki pamoja na flaiwili na klachi, KSh 14,000. Injini ya silinda nne mstari mmoja haihitaji kufungiwa uzito wa bandia kwenye shingo wakati wa kusawazisha, kwa hiyo anayekutoza kwa kazi hiyo muulize anafanya nini.

13 Aprili 2025: bolti za bloku na tundu lililopinda

Stadi (nondo zenye nyuzi na nati, badala ya bolti) za ARP za shingo kuu zimefungwa, KSh 22,000. Zinabana kwa nguvu kubwa kuliko bolti za kiwandani, na vifuniko vikakaa tofauti: geji ya ndani ilionyesha tundu la 2 na la 4 zimekuwa yai kwa 0.018 mm. Kranki ingezunguka kwa mkono bila shida na kuanza kuunguza metali kwenye moto. Tukapeleka bloku kusawazishwa matundu yote kwa mstari mmoja, stadi zikiwa zimekazwa kwa torki ya mwisho. KSh 18,000. Isiyofungwa stadi mpya haihitaji kazi hii. Iliyofungwa inahitaji angalau kupimwa.

Kanuni ni ileile kwa konrodi: ukibadilisha bolti peke yake kwenye konrodi za zamani, tundu lazima lichongwe upya.

27 Aprili 2025: nafasi ya oili

Kipimo tunachotaka cha nafasi kati ya shingo na metali: kama 0.001 ya kipenyo cha shingo. Shingo ya 45 mm ipate 0.045 hadi 0.055, shingo kuu ya 57 mm ipate 0.055 hadi 0.065, kwa oili ya 10W-60.

Seti ya kawaida ya metali za mbio, shingo kuu na konrodi, ilikuwa KSh 24,000. Shingo kuu zilitoka vizuri, 0.056 hadi 0.060. Konrodi zilitoka 0.038. Kwa gari la nyumbani ni sawa kabisa. Kwa hili ni kubana mno: kranki inapinda kidogo chini ya mzigo, na tundu la konrodi huwa yai linapovutwa.

Tiba haikuwa kusaga. Kampuni ya ACL hutengeneza metali zilezile kwa unene mdogo, zinazoongeza 0.025 mm, na huziandika HX. Tukinunua seti hiyo (KSh 12,000) na kutumia nusu ya HX pamoja na nusu ya kawaida, tunaongeza 0.0125 tu. Matokeo: 0.050 hadi 0.052. Zote nne ziwekwe upande mmoja, zisichanganywe ovyo.

Vipimo hivi ni vya mikromita na geji ya ndani. Plastigage (uzi laini wa plastiki unaobanwa kati ya shingo na metali kisha kupimwa upana) tuliitumia kuhakiki tu. Inaonyesha mahali pamoja kwa wakati mmoja na haiwezi kukuambia kuwa tundu ni yai.

Kingine kilichokaguliwa ni ukingo wa metali dhidi ya kona ya shingo. Tulipaka wino wa buluu, tukafunga, tukazungusha, tukafungua. Metali mbili zilikuwa na alama ukingoni. Tukapunguza ukingo kwa kisu cha metali mpaka alama ikapotea. Ukiruka hatua hii, metali hupanda kwenye kona na kuanza kuliwa upande mmoja.

11 Mei 2025: bolti za konrodi, kosa lililokaribia kutugharimu

Karatasi ya konrodi ilitoa namba mbili: torki 58 Nm kwa grisi ya bolti, au kurefuka 0.14 hadi 0.15 mm. Grisi ndogo iliyokuja na seti ilikuwa imepotea kwenye usafishaji, na bolti zikapakwa oili ya injini. Spana ya torki ilibofya 58. Kila kitu kilionekana sawa.

Siku mbili baadaye geji ya kurefuka (KSh 15,000) ikafika. Bolti zote nane zilikuwa zimerefuka 0.10 hadi 0.11 tu. Karibu theluthi ya mkazo haikuwepo. Ilikuwa imeliwa na msuguano kwenye nyuzi na chini ya kichwa cha bolti. Spana ya torki hupima ugumu wa kuzungusha, haipimi mkazo.

Bolti ya namna hiyo haikatiki siku ya kwanza. Kwa sababu mkazo wake ni mdogo kuliko ulivyopangwa, kifuniko huachana na konrodi nukta ndogo kila pistoni inapofika juu kwa mizunguko mingi. Bolti inaanza kuvutwa na kuachiwa, maelfu ya mara kwa dakika, nayo huchoka. Ikikatika, konrodi hutoka ubavuni mwa bloku, na mwenye gari atalaumu konrodi.

Tulichofanya: tuliinunua grisi (KSh 2,500), tukafungua zote na kupima urefu wa kila bolti ikiwa huru, tukaandika kwenye karatasi, kisha tukakaza na kulegeza mara tatu ili nyuzi zizoeane. Mara ya nne tulikaza kwa kufuata geji. Ilichukua 56 hadi 61 Nm kufika 0.145. Tofauti hiyo kati ya bolti na bolti ndiyo inayofichwa na spana. Karatasi ya urefu imehifadhiwa na injini. Bolti ikipimwa baadaye ikiwa huru na ikaonekana imebaki imerefuka kwa 0.025 mm au zaidi, inatupwa.

15 Juni 2025: kwenye dino (mashine ya kupima nguvu ya injini)

Injini ilitembezwa kwa upole, oili na kichujio vikabadilishwa, kichujio kikakatwa. Vumbi kidogo la mwanzo, hakuna vipande.

Petroli ya mashindano ya oktani 102, busti (shinikizo la hewa ya turbo) ya baa 1.8 kwenye geji. Torki chini ya 4,500 imezuiwa kwa 520 Nm. Shinikizo la oili likiwa la moto: baa 5.4 kwenye 8,000.

20 Julai 2025: kufungua na kuangalia

Baada ya saa 6 za kazi ngumu, sampu (bakuli la oili chini ya injini) ilishushwa na konrodi mbili zikatolewa. Metali za juu zina rangi ya kijivu iliyosambaa sawasawa katikati. Ya silinda ya 3 ina mstari mweusi mwembamba upande wa flaiwili, haushiki ukucha. Konrodi hazijapinda. Pini ya jaribio inapita ncha ndogo bila kukwama. Bolti moja imerefuka 0.008, nyingine hazijabadilika. Nafasi ya kranki kwenda mbele na nyuma ni 0.13 mm, tulifunga ikiwa 0.12. Klachi ni ngumu, kwa hiyo tumeacha maelekezo: usiwashe gari huku umeikanyaga, maana metali ya msukumo haina oili sekunde hizo.

Metali ya silinda ya 3 imebadilishwa kwa ile ya ziada. Gharama ya sehemu ya chini mpaka leo, pamoja na hasara zote: KSh 318,500.

Kinachofuata ni ramani (mpangilio wa kompyuta ya injini) ya pwani. Nairobi, mita 1,795 juu ya bahari, hewa ina shinikizo la karibu baa 0.82, kwa hiyo 1.8 ya geji ni baa 2.62 halisi. Mombasa 1.8 ileile inakuwa 2.81, yaani hewa zaidi kwa asilimia 7 hivi, na torki pia. Busti ya pwani itaandikwa 1.6.